Umenizika Ningali Hai

Mwanangu Somoe,

Ukitaka kumjua mtu aliyewafundisha Waingereza kulia msiba, usihangaike na vitabu utakapofika huko. Uliza Mohoro, kwa yeyote mwenye mvi, atakuelekeza mpaka huku Mahege, kwenye nyumba yenye bati jipya upande mmoja, na huyo utakayemkuta barazani na kinyongo chake ndiye mimi, mjomba wako Athumani. Kabla yangu walikuwa wanalia kwenye filamu zao kama watu wenye mafua. Leso puani, uso pembeni, basi. Baada yangu ndipo dunia ikayaona machozi. Hulikuti hilo limeandikwa popote kwa sababu wanaoandika wana wivu.

Salamu sikuandikii. Tulionana leo adhuhuri na hatukusalimiana, sasa tukianza kuulizana hali kwenye karatasi itakuwa unafiki. Wala sikuandikii habari za kuvaa sweta, kutunza pasi ya kusafiria na kuswali kwa wakati. Mkaza mjomba wako Bi Tatu amekwambia hayo tangu juzi, na ukisahau atakupigia simu akwambie upya. Mimi nakuandikia kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe ni ndefu kuliko pumzi zangu. Nikiisema kwa mdomo nitakatika katikati.

Tulianze la leo. Ulikuja na bakuli la maji, ukapiga magoti mkekani mbele ya mama zako wadogo wote, ukasema, "Mjomba, kesho naondoka. Nipe radhi." Kilichobaki kilikuwa nipige funda moja, nikurushie maji, nikwambie nenda na Mungu. Nikalipokea bakuli, nikalimwaga mchangani. Mama yako mdogo Zuhura akasema, "Kaka, hayo si maji ya kuoshea vyombo!" Nikamwambia anyamaze. Wewe hukulia. Ulijiinua, ukaokota bakuli, ukasema neno moja tu: "Sawa, Mjomba. Nilidhani utafurahi kwamba umefika Uingereza kabla yangu."

Ulinijibu hivyo, Somoe! Alasiri imekwisha, nimekaa hapa na kalamu ya Bi Tatu ya kuandikia majina ya wanachama wa kikoba, nakuandikia jibu lako.

Wenzako wanadhani nina kisirani cha uzee. Hawajui. Wiki iliyopita nilikwenda Kibiti kutafuta mbegu za ufuta. Nimefika stendi, fundi simu Bakari akaniita kutoka kibandani kwake.

"Mzee Athumani! Njoo umwone pacha wako."

"Sina pacha. Mama yangu alisema mmoja kama mimi alimtosha."

"Basi huyu kazaliwa na nani?" Akanigeuzia simu.

Nikaona chumba cheupe kisicho na kitu. Nikakuona wewe, umevaa shati la kiume na msuli. Ukapiga hatua mbili, nikajua. Ya tatu sikuihitaji. Ukaja mbele unauvuta msuli juu ya tumbo ambalo huna, ukakohoa, ukatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kumuuza ng'ombe wa jirani, ukasema: "Ninyi mnajua mnaongea na nani?" Stendi nzima ikapasuka kwa kicheko. Mama muuza maandazi akaweka sinia chini ili acheke vizuri. Ukaendelea. Ukaeleza zile habari zangu za filamu, za Mkuu wa Kimya na majogoo wake, kwa sauti yangu, kwa fahari yangu. Halafu katikati ya maneno ukanyamaza. Ukaitazama mikono yako, nje na ndani. Ukaitazama muda mrefu. Na watu wote pale kibandani wakaona jambo ambalo sijapata kumwambia mtu: kwamba huyu mzee, ukiwaondoa wale majogoo, hana kingine alichofanya duniani.

Kicheko kikakatika. Walinionea huruma, Somoe! Mama wa maandazi akanipa andazi bure. Nililila, njaa ilikuwepo, lakini lilinishuka kama mchanga.

"Ndiyo hii iliyompatia nafasi," Bakari akasema. "Walijirekodi wengi, Wazungu wakamchagua huyu. Anakwenda kuzunguka nchi yao na kikundi cha maigizo, mji kwa mji. Hongera, mzee."

Hongera! Wewe ni mtoto wa Kimatumbi, mwanangu, hata kama umekulia huku bondeni na kusomea sanaa Dar es Salaam. Mila unaijua. Kwetu mtu haigizwi ovyo. Mtu akifa, watani wake ndio wanaokuja. Mtani anavaa kanzu ya marehemu, anatembea kama alivyotembea, anagomba kama alivyogomba, anadai chai kwa mjane, anaingia kaburini na kulala, anasema shimo fupi hili, miguu yangu mtaiweka wapi. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na hapo ndipo kifo kinapowaingia akilini. Kazi hiyo ina mwenyewe, na ina wakati wake. Mwenyewe ni mtani, si mtoto wa ndani ya nyumba. Wakati wake ni pale maiti amelala. Wewe si mtani wangu, na mimi sijalala. Umenizika ningali hai, mbele ya wageni, bila hata sanda.

Nimemaliza hilo. Hapana, sijalimaliza, lakini mkono unauma.

Habari ya Bi Dorothi unaijua, au unadhani unaijua, maana nimekusimulia tangu unanyonya kidole. Sasa nitakusimulia ile nisiyoisimulia.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Walikuja Mohoro watu wa filamu na magari yao, wakakaa mwezi na nusu kando ya mto. Filamu ilimhusu muuguzi wa Kizungu, mjane, anayezeeka huku na kufia huku, wanakijiji wakamzika. Muuguzi huyo ndiye Bi Dorothi, mwigizaji mkubwa kwao, wa jukwaani na wa filamu. Mwanamke mrefu, nywele nyeupe kama sufi, anatembea anainua magoti kama korongo aliyepoteza pete majanini. Kiswahili alikuwa amefundishwa na mwalimu kwa miezi, kila neno limepigwa pasi.

Mimi cheo changu nilikipata siku ya pili. Filamu inataka kimya, na Mohoro haina kimya. Wanawake wanatwanga, redio zinaimba, majogoo wanawika saa wanazotaka wenyewe. Mwongozaji akauliza ni nani anayeweza kuunyamazisha mji huu. Wakanitaja mimi. Nikawa Mkuu wa Kimya, Mohoro nzima, ng'ambo na ng'ambo. Majogoo niliwafunika kwa matenga. Michi niliikusanya asubuhi na kuirudisha jioni. Viboko wa mtoni niliwakazia macho. Kuna mmoja mzee aliinua sikio kuomba ruhusa ya kunguruma, nikamkatalia, akazama na aibu yake. Hayo yote ni kweli, isipokuwa pengine ya sikio.

Kazi ya mwigizaji, mwanangu, hilo nalo hawatakwambia, nyingi yake ni kungoja. Bi Dorothi alikuwa anangoja kutwa. Wanawake wa Mohoro wakamwita mkekani, akawa anapeta mchele nao, anaumwaga nusu, wanamcheka. Baada ya wiki mbili wakasema, huyu sasa ni wetu, mtu wa bondeni. Nikasema, basi kama ni mtu wa bondeni, ni mtani wangu, maana mimi Mmatumbi, mtu wa milimani, na milima na bonde ni watani.

"Mtani ni nani?" akaniuliza.

"Ni mtu ninayeruhusiwa kumtukana, na yeye haruhusiwi kukasirika."

Akafikiri. "Kwetu wapo pia," akasema. "Wanaandika kwenye magazeti."

Ikafika siku ya mazishi ya filamu. Bi Dorothi amelazwa kitandani, amefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni. Wanawake wameajiriwa kulia, wanalia vya ajira, jicho moja kwenye kamera. Mimi nimesimama pembeni na tenga mkononi, chini yake jogoo. Nilijua ni filamu. Usinifanye mjinga. Nilijua yule mama ni mzima, asubuhi nilimwona anakula ndizi mbili. Lakini mtani wangu amelazwa, amefunikwa, watu wanalia, na mimi nimesimama kimya kama gogo! Damu ilikataa. Nilipojitambua nilikuwa nimevaa kofia yake ya ukili, nimeshika mwavuli wake, natembea kwa magoti ya korongo katikati ya wafiwa, nasema kwa Kiswahili chake cha pasi: "Samahani sana. Nani amekufa hapa? Kama ni mimi, mbona sijaletewa chai?"

Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Na wakiwa katika kicheko hichohicho, mmoja akaanza kulia. Akafuata wa pili. Wote wakalia, kilio cha kweli, kila mmoja akimlilia maiti wake wa nyumbani. Jogoo naye akatoka, akawika. Mwongozaji akatupa kofia yake chini, akaikanyaga. Mtu aliyewekwa kulinda kimya ndiye aliyekivunja. Na lile shuka jeupe likawa linatikisika.

Nilifukuzwa kazi papo hapo. Huwa nasimulia kwamba mkataba uliisha. Mkataba haukuisha, na sikuwa nao.

Siku ya tatu Bi Dorothi alikuja kwenye nyumba niliyopanga. Nikatafuta kiti, hakuna, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, upande salama. Akaniambia, "Fanya tena." Nikamwigiza tena. Hakucheka. Alinitazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake, kisha akaniambia maisha yake.

Alizaliwa mji wa viwanda na mvua, kwa mama aliyefua nguo za watu. Akiwa msichana mdogo akapata kazi ya kufagia ukumbi wa maigizo, akawa anafagia polepole ili aone mazoezi. Wakamjaribu. Kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa kufungua mlango jukwaani na kusema, "Gari limefika, bwana," na kufunga mlango. Mji kwa mji, vyumba vya kupanga, mashuka ya wenyewe. Waume wawili walimwacha kwa sababu kila saa ya chakula cha usiku yeye yuko jukwaani, anakula chakula cha uongo na mume wa uongo. Kamera ilikuja kumtazama akiwa na miaka arobaini, umri ambao wenzake walikuwa wanaambiwa waende kupumzika. Tangu hapo akawa malkia, akawa hakimu, akawa bibi wa kila mtu. Watu wasiomjua wakawa wanamwamkia sokoni kwa majina ya malkia waliokufa zamani.

Lakini mlango wa hayo yote, akasema, ulifunguliwa na mchezo mmoja, na katika mchezo huo alicheza dobi. Hakujua amchezeje. Akamchukua mama yake.

Mama yake alikuwa hajui kusoma, na hakutaka watu wajue. Barua ikija, alikuwa anaipangusia mikono kwenye aproni mara mbili, polepole, upande huu na upande huu, ingawa mikono ilikuwa mikavu. Alikuwa anavuta muda mpaka mtu mwingine aseme, "Lete nikusomee." Nyumba nzima walijua, na hakuna aliyepata kulitaja. Bi Dorothi akalipandisha jukwaani. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kisha wakasimama kupiga makofi. Magazeti yakamsifu. Na mama yake alikuwa amekaa mstari wa tatu.

"Akasema nini?" nikamwuliza.

"Alisema, 'Viti vilikuwa vizuri.'"

"Basi?"

"Basi. Lakini tangu siku ile hakupangusa tena mikono mbele yangu. Barua zikija alizipokea hivyohivyo, na maji ya kufulia, na povu. Zikawa zinachanika."

Mama huyo alikufa Bi Dorothi akiwa safarini na kikundi. Usiku ule akapanda jukwaani, maana pazia likifunguka kwao hakuna msiba. Mazishini watu walikunywa chai, wakasema marehemu alikuwa mwanamke mpole. "Mpole!" Bi Dorothi akaniambia, akapiga mbuzi kwa kiganja. "Alikuwa mkali kama siki! Hakuna hata mmoja aliyesimama akamtembea alivyotembea. Ninyi mnangoja mtu afe, halafu mnamrudisha kidogo. Mimi nilimchukua angali hai, na alipokufa sikuwa na cha kurudisha."

Nikamwuliza, kama angerudi nyuma, angeacha? Akasema: "Hapana. Ile ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya. Ila ningemwambia kwanza. Ningekaa jikoni naye, nimwambie, mama, nataka kuichukua mikono yako."

Hiyo ndiyo habari, Somoe. Nimekaa nayo tangu kabla ya wewe kuzaliwa. Majogoo nimekusimulia mara elfu. Viboko nimewaongeza kila mwaka, mwanzo walikuwa wawili. Hii sikukusimulia hata mara moja, kwa sababu ndani yake mimi si mkubwa. Nimekaa tu kwenye kizingiti nasikiliza. Sasa nikikasirika kwamba hukuniambia kwanza, ungejulia wapi? Neno lilikuwa kwangu, nimelikalia kama kuku aliyekalia jiwe. Hiyo ndiyo hasira yangu ya pili, na ni mbaya kuliko ya kwanza, maana haina wa kumwagia maji.

Kuna ya tatu. Niache nivute pumzi.

Mama yako Mwajuma alipofariki ulikuwa na miaka saba. Homa ya siku nne, na barabara imekatwa na mvua, hospitali hatukuifikia. Baba yako alikuwa ameshakwenda Lindi kutafuta maisha, akayapata bila sisi. Watani walikuja asubuhi, watu wa bondeni, kama inavyopasa. Mbele yao Bi Mwanaidi, mtani wetu mkubwa, amejifunga khanga ya mama yako. Akapiga hatua moja uani. Moja tu, Somoe, na nikamwona dada yangu anaingia nyumbani. Sikuweza. Nilichukua mchi, nikawatoa wote. Mimi! Mimi niliyewaigizia maiti wao kuanzia Umwe mpaka Mohoro, nikalala kwenye makaburi yao nikidai mto, na siku maiti alipokuwa wangu nikawakimbiza watani kwa mchi kama mbuzi walioingia shambani.

Bi Mwanaidi alisimama njiani akaniambia, "Haya, kaa na maiti wako! Tuone kama utamweza."

Sikumweza. Mama yako alizikwa kwa heshima, kimya, hakuna aliyecheka, na wewe ulikaa kwenye mapaja ya Bi Tatu unatazama watu kama mtu anayengoja kitu kianze. Kaburi likafunikwa, hakikuanza.

Baada ya miaka miwili ukaniuliza. Nilikuwa nafunga jembe. Ukasema, "Mjomba, mama alikuwa anatembeaje?" Ungeniomba damu ningekupa. Nilishindwa kusimama nikupigie hatua tatu. Badala yake nikafungua mdomo na uongo ukatoka wenyewe. Nikasema mama yako alitembea kama malkia. Nikasema alivuka Rufiji mgongoni mwa kiboko, khanga haikulowa. Nikasema akiimba ndege wanatua. Ukaenda nyuma ya nyumba, ukaiburuza khanga mchangani, ukawa malkia. Nilikuona. Miaka yote uliyokaa nyuma ya nyumba ukiigiza, ulikuwa unamwigiza mwanamke nisiyemfahamu, na nikakuacha.

Nadhani ndiyo maana ukaja kuniigiza mimi. Nilikuwa mtu pekee wa kweli niliyekuachia. Ukiitazama vizuri, na mimi nusu yangu ni uongo.

Haya. Hili ndilo la kubeba, sweta ni la Bi Tatu. Mama yako alikuwa mfupi. Kisigino cha kushoto hakikukanyaga sawasawa, mundu ulimkata akivuna mpunga angali msichana, basi alitembea kana kwamba barabara ina moto upande mmoja. Akicheka alikuwa habani mdomo, alikuwa anabana pua. Kuimba alikuwa hajui kabisa, na aliimba kutwa, nusu mstari uleule, kwa sababu nusu ya pili hakuikariri. Uji akiuonja lazima aseme "bado", hata ukiwa unaungua. Akitaka kuingia nyumba yenye watu wengi alisimama kwanza mlangoni akajivuta sikio la kulia, kisha ndipo akabisha hodi. Akikukasirikia alikuita jina mara tatu, na ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, na hiyo ndiyo uliyoiogopa. Alikuwa mchoyo wa sukari. Alinizaba kofi mara moja, siku niliposema nitakwenda Ulaya na Bi Dorothi nikawe mwigizaji. Aliniambia, "Anza kwanza kuwa kaka." Mwongo hakuwa. Uongo ni wangu peke yangu, sikuurithi wala sikuurithisha, nimeusimamisha mwenyewe kwa nguvu zangu.

Mchukue. Yeye ameshakufa, wakati wake umefika, ulifika zamani nikaufunga kwa mchi. Kazi hiyo ilikuwa ya watani, najua, na wewe ni mtoto wake wa kumzaa. Lakini mimi ndiye niliyewafukuza watani, na kosa la mkubwa halina budi kuwa na mtu wa kulibeba. Mtembeze huko Uingereza kwenye jukwaa lao. Waache wamlilie wasiyemjua.

Na mimi? Hasira bado ninayo, usijidanganye. Umenichukua bila kubisha hodi. Lakini kwa kuwa umeshanichukua, nichukue sawasawa. Sikohoi mara mbili kabla ya kusema jambo kubwa, nakohoa mara moja. Ya pili ni ya moshi. Msuli siuvuti kwa mkono wa kulia tangu nilipoteguka kidole. Na pale unapoitazama mikono, usiitazame muda mrefu vile, mtu anaweza kudhani najionea huruma. Itazame kidogo, halafu uiweke nyuma. Ukiona ukumbi umenionea huruma, waambie na habari ya shuka lililotikisika. Hiyo niliifanya mimi, haikufanywa na jogoo.

Na siku utakapomwona mtu mwingine aliye hai, ukataka mikono yake, mwambie kwanza. Akikutukana, mwache akutukane.

Bakuli lako uliondoka nalo, nimejaza la Bi Tatu. Nimepiga funda langu, nimesema maneno yanayosemwa, na Bi Tatu ni shahidi, ingawa amesema nimeyasema kwa sauti ya ugomvi. Radhi na hasira zinaweza kulala nyumba moja, mimi na yeye tumeishi hivyo. Maji yaliyobaki atakuletea na barua hii. Nawa uso, kunywa yaliyobaki, nenda. Uwe na radhi zangu zote, za mjomba na za mama yako, maana zake nazo ninazishika mimi.

Ni mimi mjomba wako, Athumani.

Bado dogo moja, na silipendi. Leo ulipoondoka na bakuli tupu niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikasimama mbele ya kioo cha kabati. Nilitaka kuhakikisha kwamba sitembei vile. Nikavuta msuli, nikapiga hatua, nikakohoa, nikasema, "Ninyi mnajua mnaongea na nani?" Haikuwa sawa. Nikarudia. Nikarudia mpaka jasho likanitoka, kila mara nakuwa mtu mwingine, mtu wa hovyo. Bi Tatu akasukuma mlango, akanikuta katikati ya hatua.

"Unamwigiza nani?"

"Najiigiza mimi."

Akanitazama kutoka utosini mpaka miguuni, bila haraka. Akasema, "Mwache Somoe. Wewe hata hufanani."